Moshi Ulioongezwa Beirut

Ukiitazama haraka, picha ile haina kasoro. Maghorofa ya vitongoji vya kusini mwa Beirut, anga la kijivu, na moshi mweusi umetanda juu yake kama wingu la masika. Sasa itazame tena taratibu. Vifundo vya moshi vinafanana. Duara hili, duara lile, na jingine juu yake, kama karani aliyegonga muhuri mmoja mara nyingi kwenye karatasi moja. Ukishuka chini, hata baadhi ya majengo yamejirudia. Aliyewahi kuchoma takataka uani kwake anajua kuwa moshi haurudii umbo lake, hata siku ambayo upepo umelala.

Picha hiyo ni ya Agosti 5, 2006, vita vya Israel na Hezbollah vikiwa katika wiki ya nne. Aliyeituma ni Adnan Hajj, mpigapicha Mlebanoni aliyefanya kazi na shirika la habari la Reuters bila ajira ya kudumu, na Reuters ikaisambaza dunia nzima. Mmarekani mmoja, Charles Johnson, aliyekuwa akiandika kwenye ukurasa wake wa intaneti, akaonyesha hadharani jinsi kipande kilekile cha moshi kilivyonakiliwa na kubandikwa tena na tena kwa kompyuta. Reuters ikaiondoa picha na kuachana na Hajj. Ilipochunguza zaidi ikakuta nyingine: ndege ya F-16 ya Israel juu ya Nabatiyeh, maelezo yake yakisema inafyatua makombora. Hayakuwa makombora. Kilikuwa kimoto cha kujikinga, kile ambacho rubani hukitupa ili kombora linalofuata joto la injini lipotee njia. Tena kilikuwa kimoja, kikazidishwa kuwa vitatu. Agosti 7 Reuters ikazifuta kwenye hifadhi yake picha zote 920 za mpigapicha huyo.

Hajj alijitetea kwamba alikuwa anafuta alama za vumbi tu. Utetezi huo haukusimama, kwa sababu kufuta vumbi hakuzalishi moshi. Lakini kinachoniuma katika kisa hiki, miaka yote hii, ni kwamba hakuhitaji kuongeza chochote. Usiku ule vitongoji vile vilipigwa kweli. Majengo yalianguka kweli. Kabla vita havijasimama Agosti 14, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa Lebanon, wengi wao raia. Tunasema pafukapo moshi pana moto, na moto ulikuwepo. Mtu mmoja aliona moshi haujatosha, akatia chumvi, na kuanzia asubuhi iliyofuata watu wakaacha kuzungumzia moto, wakabaki wanabishana juu ya moshi.

Wiki moja kabla, Julai 30, jengo lenye familia zilizokuwa zimejificha lilipigwa katika kijiji cha Qana. Waliuawa watu wasiopungua 27, zaidi ya nusu yao watoto. Tayari kulikuwa na watu Ulaya na Marekani waliodai kuwa picha za Qana ni maigizo, kwamba waokoaji walikuwa wakiwabeba watoto wale mbele ya kamera makusudi. Mashirika ya habari ya AP, AFP na Reuters yote yalikanusha. Kisha moshi wa Hajj ukafichuka, na waliokuwa wakidai vile wakapata walichokuwa wanakitafuta. Yule wa Beirut alighushi, kwa nini huyu wa Qana asighushi? Watoto waliozikwa wakageuzwa washukiwa wa kesi ya picha ambayo hawakuwahi kuigusa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema picha ya vita iliyochezewa ni kosa dogo maadamu iko upande wa wanyonge. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na wanaoisema wengi ni watu wema. Wanaona dunia haijali, wanaona maiti wa nchi fulani hawahesabiwi sawa na maiti wa nchi nyingine, wanafikiri ukiongeza damu kidogo pengine walio mbali watageuka kutazama. Naielewa hasira hiyo. Lakini anayelipa deni la picha ya uongo ni mnyonge mwenyewe. Aliyedondosha bomu hapotezi kitu picha ikifichuliwa, anapata hoja. Anayepoteza ni mama wa Qana, maana shahidi wake pekee alikuwa kamera, na shahidi akikutwa ameongopa katika jambo moja, hakimu hana sababu ya kumwamini katika mengine.

Tuna neno zuri kwa hili, kuchakachua, lililotoka kwenye vituo vya mafuta. Kituo kikikamatwa mara moja kikichanganya dizeli na mafuta ya taa, hata pampu iliyo safi unaipita. Zile picha 920 zilizofutwa hazikuwa zote za uongo. Reuters ilizitilia shaka mbili. Nyingine zilikuwa kazi ya miaka, picha za mtu aliyekuwa barabarani wakati wengine wamekimbia. Zote ziliondoka.

Kisa kinachonisumbua zaidi ya hicho ni cha Brian Walski, kwa sababu hapo hata chumvi haikuongezwa. Walski alikuwa mpigapicha wa Los Angeles Times, yuko nje ya Basra, Iraq, mwishoni mwa Machi 2003. Alipiga picha kadhaa kwa kufuatana. Katika moja, askari wa Kiingereza amesimama, bunduki mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha akiwaashiria raia wakae chini. Katika nyingine, mwanamume aliyembeba mtoto anaonekana vizuri akija mbele, lakini askari hayuko katika pozi lile. Walski akachukua askari wa picha ya kwanza na mwanamume wa picha ya pili, akawaunganisha. Gazeti likaichapa ukurasa wa mbele Machi 31. Kwenye gazeti la Hartford Courant, ambalo nalo liliitumia, mfanyakazi mmoja akagundua kwamba baadhi ya watu walioketi nyuma wanaonekana mara mbili. Walski alipoulizwa alikiri, na Aprili 1 akaachishwa kazi.

Askari alikuwepo. Baba alikuwepo. Mtoto alikuwepo. Sehemu moja, siku moja, tofauti ya muda mfupi tu. Kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba picha ile inasema askari alimnyooshea mkono baba yule wakati baba yule anamkaribia, na bunduki iko kati yao. Huo ni uhusiano baina ya watu wawili, na haukutokea hivyo. Katika vita, mkono ulionyooshwa unaweza kuwa ulinzi au kitisho, na nusu sekunde ndiyo inayoamua ni kipi. Walski aliamua mwenyewe, akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake.

Sasa mpime na Narciso Contreras. Septemba 2013 alikuwa Syria akifanya kazi na AP, akampiga picha mpiganaji aliyejibanza kujikinga. Kwenye kona ya chini, kushoto, kamera ya video ya mwandishi mwenzake ilikuwa chini. Aliifuta. Kamera tu, iliyo pembeni, isiyomhusu mpiganaji. Miezi kadhaa baadaye aliwaambia wahariri wake mwenyewe. AP ilipitia karibu picha 500 alizowahi kuwatumia, haikukuta nyingine iliyoguswa, na bado Januari 2014 ikakata naye uhusiano na kuziondoa picha zake kwenye mauzo. Mwaka uliotangulia alikuwa mmoja wa wapigapicha watano wa AP waliopata tuzo ya Pulitzer kwa kazi ya Syria.

Niliposoma habari ile nilifikiri AP wamekuwa wakali mno. Mtu amekiri mwenyewe! Nimebadilisha mawazo. Kamera iliyokuwa kwenye kona ilikuwa na jambo la kumwambia msomaji: hapa palikuwa na waandishi zaidi ya mmoja, na mpiganaji huyu alijua anatazamwa. Ukiifuta, unamfanya msomaji aamini yuko peke yake na mtu aliye hatarini. Jambo ninalosikitikia ni zile picha nyingine zipatazo mia tano, zilizokaguliwa zikakutwa safi, na bado zikatolewa sokoni pamoja na ile moja.

Kuna mpaka mgumu zaidi, wa mwanga na rangi. Novemba 2012 Paul Hansen wa Uswidi alipiga picha Gaza: uchochoro mwembamba, wanaume wanakwenda kwa haraka, waliotangulia wamebeba maiti za watoto wawili, ndugu, zilizofungwa sanda nyeupe. Ilichaguliwa kuwa picha bora ya mwaka ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari. Mei 2013 zikaibuka tuhuma kwamba ni picha kadhaa zilizounganishwa. Wataalamu wakapewa faili ghafi, wakasema hapana, ni picha moja. Kilichofanyika ni kurekebisha mwanga na kivuli. Wapigapicha walifanya hivyo tangu enzi za chumba cha giza na kemikali, na kanuni za mashirika mengi zinaruhusu kwa kiasi. Mimi ningeiacha na mwanga wake wa asili. Nyuso zile zimeng'arishwa mpaka uchochoro unakaribia kufanana na jukwaa, na ndiyo maana watu walipata pa kuingilia. Kwa wiki nzima gumzo lilikuwa programu gani imetumika. Watoto wawili walikuwa wamekufa, na hilo halikuwa na ubishi hata kidogo.

Lakini ukiniuliza uongo mwingi wa picha za vita uko wapi, sitakuonyesha kompyuta ya mpigapicha. Nitakuonyesha mstari wa maneno ulio chini ya picha. Mei 2012, baada ya mauaji ya Houla huko Syria, tovuti ya BBC ilitumia picha ya mtoto akiruka juu ya safu za maiti zilizofungwa vitambaa vyeupe. Mpigapicha Marco Di Lauro aliiona na kushtuka, kwa sababu ni yake, na aliipiga Iraq mwaka 2003. BBC ikaiondoa. Picha ile haikuchezewa hata nukta moja. Yalibadilika maneno tu, na mabaki ya Wairaki yakawa maiti wa Syria.

Nami nina la kukiri. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati la habari za kimataifa la gazeti la Kiswahili. Picha za vita zilitufikia usiku, maelezo yake kwa Kiingereza, kiwanda cha uchapaji kikisubiri kurasa. Maelezo ya shirika huwa na mistari minne au mitano: nani, wapi, lini, nani kasema hivyo, picha ni ya leo au ya zamani. Msanifu kurasa aliniachia nafasi ya mstari mmoja. Usiku mmoja nilitafsiri maelezo ya jengo lililokuwa likifuka moshi. Kwa Kiingereza yalisema wanaharakati wanadai ni hospitali. Nikaandika: "Hospitali iliyoshambuliwa kwa bomu." Neno "wanadai" halikuenea kwenye mstari, nikalitoa. Hakuna aliyelalamika, gazeti likauzwa, kesho yake likafungiwa maandazi. Sikugusa picha hata kidogo, lakini msomaji wetu alipewa kitu ambacho mpigapicha mwenyewe hakuthubutu kusema. Nimejiuliza mara nyingi ni mara ngapi nilifanya hivyo bila hata kujua.

Mbaya zaidi ni ule mtindo wetu wa kuandika pembeni "Picha: Mtandao". Mtandao haupigi picha. Kuna mtu aliyesimama mahali fulani, saa fulani, akabonyeza kamera, na kama hatumjui mtu huyo hatuna haki ya kusema picha inaonyesha nini. Naandika hili kwa wenzangu walio kwenye madawati leo, wanaolipwa kidogo na kuharakishwa sana. Naijua presha hiyo. Bado nasema tuache nafasi wazi kuliko kuijaza hivyo.

Wahariri ndio wanaoponyoka kirahisi katika hadithi hizi. Jina la Hajj linajulikana; waliopokea picha yake, wakaitazama, wakaipitisha, hatuwataji. Reuters, kwa haki yake, ilifanya uchunguzi na baadaye ikamwachisha kazi mhariri mwandamizi wa picha wa Mashariki ya Kati. Ni nadra kuona hivyo. Mpigapicha wa kujitegemea kwenye vita mara nyingi hana bima, hana mkataba, analipwa kwa siku au kwa picha, na anajua picha yenye moshi mwingi ndiyo itakayonunuliwa. Simwondolei kosa. Nasema tu kwamba aliyeutia bei moshi mwingi naye yumo.

Serikali nazo zinafanya haya tangu zamani, na hazina mhariri wa kuzifukuza. Mei 1945 Yevgeny Khaldei alipiga picha ya askari wa Kisovyeti wakipandisha bendera juu ya jengo la Reichstag, bunge la Ujerumani, Berlin. Afisa mmoja katika picha alikuwa na saa mikono yote miwili, dalili ya uporaji. Saa moja ikafutwa kabla ya kuchapishwa, na moshi ukaongezwa nyuma. Julai 2008 Iran ilitoa picha ya makombora manne yakiruka, wakati yaliyoruka ni matatu. AFP iliisambaza, magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza yakaiweka ukurasa wa mbele, na siku iliyofuata AFP ikalazimika kuiondoa.

Kuna swali moja ambalo kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni sitara. Sisi tumelelewa kumstiri maiti. Uso wa marehemu unafunikwa, na anayepita anatazama chini. Januari 15, 2019, al-Shabaab waliposhambulia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi, wakaua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya marehemu wakiwa wameinamia meza za mgahawa. Wakenya waliwaka kwa hasira, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likataka iondolewe. Picha ile ilikuwa ya kweli kabisa, na ilikuwa dhuluma. Baadhi ya familia zilikuwa bado zinapiga simu kutafuta watu wao.

Je, kuufunika uso wa maiti kwa ukungu si kuichezea picha? Nimelisikia swali hili darasani na jibu langu ni hapana, kwa sababu moja: sitara inaonekana. Shuka lililofunika maiti halidai kwamba chini yake hakuna mtu. Ukungu juu ya uso unamwambia msomaji waziwazi kwamba mhariri ameweka mkono hapa, na unaweza hata kukisia kwa nini. Aliyeghushi anaficha mkono wake. Gazeti linaweza kumheshimu marehemu na kumheshimu msomaji kwa wakati mmoja, na hakuna anayedanganywa.

Mwezi Januari 2025, mji wa Goma, Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, simu zetu hapa Tanzania zilijaa picha. Askari wetu walikuwa kule katika kikosi cha SADC, na JWTZ ilithibitisha baadaye kuwa imepoteza wawili. Mama mmoja wa mtaani kwetu ana kijana jeshini. Alikuja jioni, nikamwamkia, akaitikia bila kukaa, akanipa simu. "Mwanangu, hebu niangalizie hii." Ilikuwa picha ya majeneza yaliyopangwa safu, juu yake maneno mekundu: vijana wetu wa Goma. Kingo zilikuwa zimekatwa, ishara ya kwamba kulikuwa na kitu pembeni kisichotakiwa kuonekana. Niliitafuta kwenye intaneti, na baada ya dakika chache nikaikuta nzima, imechapishwa miaka kadhaa nyuma, msiba wa nchi nyingine kabisa.

Nikamwambia, "Mama, hii si ya Goma. Ni ya zamani."

Akaniuliza, "Kwa hiyo yuko hai?"

Sikuwa na jibu. Picha kuwa ya uongo haikumwambia mwanawe yuko wapi. Aliyeituma alikuwa amemwongezea usiku mwingine wa kutolala, na mimi niliyeifichua sikuweza kumpunguzia hata saa moja.

Akili bandia imerahisisha uovu huu, lakini kwa maoni yangu haijauanzisha. Mei 2024, baada ya shambulio la Rafah lililoua watu wasiopungua 45 katika kambi ya wakimbizi wa ndani, picha iliyoshirikishwa zaidi ya mara milioni 40 kwenye Instagram ilikuwa ya kutengenezwa na kompyuta: mahema yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka na maneno ya Kiingereza yaliyoundwa kwa mahema meupe. Haikujifanya picha ya habari, na walioituma walikuwa na nia njema. Lakini haina mtu hata mmoja. Haina moshi, haina damu, haina jina. Wakati huohuo wapigapicha wa Kipalestina walikuwa ndani ya Gaza, na hadi mwezi ule zaidi ya waandishi na wafanyakazi wa habari 100 walikuwa wameuawa katika vita hivyo. Walileta picha halisi. Dunia ikachagua kusambaza ile isiyopigwa na yeyote.

Ndiyo maana nazidi kuirudia picha ya Beirut. Reuters, ilipoiondoa ile iliyoghushiwa, ilitoa ile ya awali kama ilivyotoka kwenye kamera. Nimezitazama zote mbili zikiwa bega kwa bega. Katika ya awali moshi ni mwembamba, wa kijivu, umepeperuka kuelekea upande mmoja, na kwa kuwa haujafunika sana, majengo yanaonekana vizuri zaidi. Unaziona ghorofa, moja juu ya nyingine. Unaweza kuanza kuhesabu madirisha.